Kamera Iliyokataa Kufa

Ranchi moja huko chini ya Voi ilinipa kazi ya kutunza kamera za porini, zile zinazofungwa mtini zipige picha kila kinachopita. Takataka tupu. Ndovu aling'oa moja akaikanyaga, fisi akatafuna mkanda wa nyingine, siafu wakahamia ndani ya ya tatu na mayai yao. Betri zilivimba kwa joto. Zilizosifiwa kuwa haziingii maji zililowa mvua ya kwanza. Kila nilipopanda nyumbani Werugha, juu milimani, nilizitukana mezani, hadi mama akanikataza kuchanganya matusi na chakula.

Kaka yangu mkubwa alikuwa akicheka tu. Alikuwa ameachishwa kazi kwenye mkonge Mwatate, na sikujua kwamba ananisikiliza kwa makini hivyo.

Kamera ya bwawani ndiyo niliyoikomalia. Fundi wa kuchomelea pale Voi aliiundia sanduku la chuma, nikaziba mianya kwa nta, nikaupaka mti grisi ili siafu wasipande. Ikamaliza masika, ikamaliza kiangazi, haina hata ukungu kwenye kioo. Nyumbani sikuitaja. Nani husimulia kitu kisichomsumbua?

Picha zake tulizitazama ofisini, bosi kando yangu. Digidigi. Digidigi tena. Kisha kaka yangu, amechuchumaa, anamnasua digidigi aliyekufa kwenye mtego wa waya, uso wake wazi kama wa kitambulisho. Nilinyamaza. Mwenzangu mmoja, mtu wa kwetu huko juu, hakunyamaza.

Kaka akafungwa. Nilipomtembelea aliniambia, "Wewe si ulisema zote ni mbovu? Umenitega kuliko nilivyotega hao wanyama."

Nilijaribu kumweleza. Akamwomba askari amrudishe ndani.

Na mimi nilikuwa na hasira, siifichi. Bosi alinifuta kwa kule kunyamaza, nikakosa kazi na ndugu kwa picha moja. Kikulacho ki nguoni mwako, majirani walisema, na kila mmoja alichagua mwenyewe nani kati yetu alikuwa akimla mwenzake.

Alipotoka, mama alituita. Kwetu hasira ya ndugu ikikaa moyoni huleta ugonjwa nyumbani, kwa hiyo hutemwa: unajaza funda la maji, unalitema nje kwa nguvu, unasema umeachilia. Tunaita kutasa. Nilianza mimi. Nikatema, nikasema, "Kama kuna uchungu wowote ndani yangu, utoke, kaka yangu awe mzima." Nilimaanisha kila neno, na nilitamani sana naye anitemee yake.

Mama akampa kikombe. Akajaza mdomo, mashavu yakatuna, akanitazama.

"Haya, mwanangu," mama akamwambia, "toa."

Akameza.