Gundi Inayonuka Lami

Fuata nyuki ule asali, ndivyo tulivyofundishwa. Mume wangu aliwafuata hadi juu ya paa la jirani yetu hapa Kisugu, akaanguka. Alikuwa askari polisi, na kila kundi la nyuki lilipoingia darini mwa mtu, yeye ndiye aliyeitwa. Siku hiyo aliteleza. Uti wa mgongo ukavunjika, na tangu hapo miguu yake haimtii.

Mimi nauza viatu vya mitumba katika soko la Owino. Siku moja nilisema kwa hasira kwamba Mungu ana mzaha, kumpa muuza viatu mume asiyetembea, kisha haraka nikasema astaghafirulahi. Yeye alicheka. Buti zake za kazi hajaniruhusu kuzipeleka sokoni. Kila Jumamosi huzipakata mapajani na kuzipiga rangi mpaka zing'ae.

"Miguu ikirudi," huniambia, "isikute viatu chafu."

Kana kwamba hilo halikutosha, akaanza kufuga nyuki. Aliweka mizinga miwili nyuma ya nyumba, juu ya stendi fupi inayolingana na kiti chake cha magurudumu. Nilipandisha sauti, mtaa mzima ukasikia.

"Afande, hiyo nyuki ilikuangusha, sasa unaipa nyumba?" Mimi humwita Afande akiniudhi, na asiponiudhi pia.

"Hapana nyuki iliniangusha," alijibu. "Ni mabati."

Ila nilikuwa namchungulia dirishani. Nyuki huziba nyufa za mzinga kwa gundi ya kahawia wanayoitengeneza kwa utomvu wa miti, na yeye aliikwangua kwa kisu cha mezani, bila glavu, akiwasemesha Kilango, lugha ya kwao kaskazini. Mimi sijawahi kusemeshwa kwa upole ule, na nilimwambia.

Binti wa jirani yetu, daktari anayefanya utafiti maabarani, ndiye aliyekuja kuiomba ile gundi. Alitueleza kwamba mgongo ukiumia, pigo lenyewe si mwisho wa mambo. Baadaye huja uvimbe ndani ya uti, nao huharibu hata kile kilichosalimika. Kwenye gundi ya nyuki, na hata kwenye sumu yao, kuna vitu vinavyotuliza uvimbe, na wao wanavijaribu kwa panya walioumia mgongo.

Afande alisikia neno mgongo tu. Hao panya hakuwasikia.

Akaanza kujaza kopo la gundi. Buti zikawa zinapigwa rangi hata siku za katikati ya wiki. Asubuhi moja nilimkuta ameshika nyuki kwa kibanio, anajaribu kujidunga mgongoni. Nilimnyang'anya, nikadungwa mimi. Mfa maji haachi kutapatapa, na mimi niliogopa siku ambayo angejua kuwa amekuwa akishika maji.

Siku hiyo ilifika. Binti alifungua kopo, akanusa, akanusa tena.

"Mzee, hii inanuka lami."

Kumbe nyuki wetu walikuwa wakishuka upande wa viwanda, kule Bugolobi. Mjini miti ikipungua, alisema, nyuki huchukua chochote kinachonata, hata lami ya barabarani na rangi mbichi ya ukutani. Gundi ile haikufaa. Afande alicheka, kisha akanyooka kitini kama yuko gwarideni.

"Dokita, mwanangu. Ukipata ile safi, itanisaidia mimi?"

Binti hakutazama chini. "Hapana, mzee. Sitakudanganya. Jeraha lako ni la zamani, limeshafanya kovu. Hii tunamtafutia mtu aliyeumia leo, na hata yeye bado hatujamfikia. Sasa ni panya tu. Na ile ya kujidunga uiache, inaweza kukuua."

Nilitaka kumfukuza yule binti. Nilitaka pia kumkumbatia. Afande alikoroga chai yake mpaka ikapoa.

"Kwa hiyo ni ya yule ataanguka kesho," alisema mwishowe.

"Ndiyo, mzee."

"Basi tutafute mahali hakuna lami."

Nimempenda mtu huyu, na kuna miaka nimemchoka. Lakini sijawahi kumheshimu kama nilivyomheshimu jioni ile, hata siku alipopandishwa cheo. Jumamosi ilipofika nilikaa nikimvizia nione kama atazigusa buti. Alizipiga rangi kama kawaida.

Mizinga tuliihamishia shambani kwa kaka yangu huko Bombo, nje ya mji, juu ya kilima chenye mifenesi. Njia yake ni ya mawe, na kiti cha magurudumu kinaishia chini. Siku ya kukwangua gundi ilipofika, kaka yangu, aliyepaswa kupanda, alisema anaumwa, uongo mtupu. Afande akanitazama. Akafungua mfuko, akatoa buti.

"Mama watoto, vaa."

"Banange! Mimi?"

"Leta mguu."

Nikaweka mguu mapajani mwake, pale pale anapoziwekaga buti. Alijaza matambara mbele ya vidole vyangu, akafunga kamba akikaza tundu moja moja. Nilipanda kilima nikitukana, kopo la moshi mkono mmoja, kisu mkono wa pili. Sauti yake ilinifuata kutoka chini: "Polepole! Semesha hao!" Niliwasemesha Kinubi, lugha ya mama yangu, kwa upole ambao Afande naye hajawahi kuupata kwangu.

Nilishuka na donge la gundi na sikio lililovimba. Alilipeleka puani, akafumba macho. Halikuwa na lami. Kisha akaziona buti zake, zimejaa udongo mwekundu mpaka kwenye kamba. Alinyoosha mgongo wake uliovunjika, akanipigia saluti.

"Afande," akaniita mimi, "lete nizisafishe. Miguu itarudi huku wiki ijayo."