Risasi Iliyokosa Boga

Mwanangu, sitaisahau asubuhi niliyoipiga risasi suruali ya mwenyekiti wa kijiji.

Ilikuwa miaka ya Ujamaa, kijijini kwetu karibu na Mtae. Nguruwe pori walikuwa wakiingia shamba la kijiji kama wageni waalikwa, na mahindi hayo ndiyo tuliyoyategemea mwaka mzima. Ukaitishwa mkutano wa kujadili magobore. Mimi, niliyemaliza shule majuzi na kalamu bado mfukoni, nikasimama.

"Ndugu wanakijiji, nguruwe wanatumaliza. Gobore linaua nguruwe. Kwa hiyo kila nyumba iwe na gobore!"

Vijana wakapiga makofi. Bibi Zainabu, mjumbe wa halmashauri ya kijiji, akainua mkono.

"Mjukuu wangu, hiyo 'kwa hiyo' ndiyo unayotaka tuikubali. Sababu zako mbili ni za kweli. Lakini ipo ya tatu, umeimeza."

"Ipi, Bibi?"

"Kwamba kila nyumba ina mtu anayejua kulenga. Wewe unajua?"

Nikasema najua. Wallahi, hata manati sikuwahi kushika.

Mzee Hoza, mwindaji wetu, akanishindilia gobore lake. Boga likawekwa juu ya kisiki, watu wote wakasogea nyuma yangu. Nikafumba macho yote mawili, nikafyatua. Moshi ulipotawanyika nilikuwa nimekaa chini, boga lipo palepale, na kule mbele, kwenye kamba ya nguo ya mwenyekiti, suruali yake ya sikukuu imepata tundu pale pa kukalia.

Watu walicheka hadi wakashikana. Mwenyekiti hakucheka.

"Mmeona? Bunduki ni hatari! Kwa hiyo magobore yote yachukuliwe, hata la Hoza!"

"Na wewe umemeza yako," Bibi akamwambia. "Umechukulia kwamba kila mshika bunduki ni kama huyu. Tena kwamba nguruwe watatii tangazo."

Tukakubaliana magobore yafungiwe stoo, awinde Mzee Hoza peke yake, na ufunguo akae nao Bibi. Mahindi yaliyosalia tuliyavuna. Mimi nikakabidhiwa sindano na uzi.

Basi mwanangu, mtu akikuhutubia juu ya silaha, au lolote linalopandisha watu jazba, usikimbilie kupiga makofi. Tafuta kwanza jambo analotaka ulikubali. Pima sababu alizozitaja. Halafu jiulize: ni kitu gani lazima kiwe kweli, ambacho hajakitamka? Anza na maneno yako mwenyewe, maana hayo ndiyo hutudanganya kirahisi.

Mungu akupe sikio pana na ulimi usio na haraka, akuzungushie watu wanaokupenda kiasi cha kukupinga.