Placide Asende na Mjinga wa Kwenye Shuka

Pale Baraka, mji wa kando ya ziwa, katika miaka ile ya hamsini, hakukuwa na mtu aliyejua kuanguka kama Placide Asende. Wengi wanaanguka, lakini wanaanguka vibaya na bila kupenda. Placide alianguka kwa ufundi. Goti lilianza, kisha mkono ukatafuta kitu cha kushika hewani, kofia ikatangulia chini, na mwenyewe akaifuata kama anaifukuza. Bamama waliokuwa wakianika ndakala, vile visamaki vidogo, ufukweni walishika mbavu kwa kucheka.

Kazi yake ilikuwa kushona nyavu zilizopasuka. Lakini mikono ikishona, uso ulikuwa unafanya kazi nyingine. Aliweza kuwa karani wa pamba akipima kwa mizani, akaweza kuwa muuguzi wa dispansari anayeogopa sindano yake mwenyewe. Aliweza hata kuwa Mukankuranga, yule mama wa mlimani aliyeshuka na vibuyu vya maziwa, akitembea polepole kama dunia yote ni malisho ya ng'ombe wake. Mukankuranga hakukasirika. Alimpa kikombe cha maziwa na kumwambia, "Rudia tena, lakini shingo inyooshe. Mi sitembei kama bata."

Mwaka wa hamsini na mbili akafika padri wa sinema. Alikuja na gari, moteri ya kutoa umeme, na mashine ya kupiga picha iliyojazwa kwa ufunguo kama saa ya mezani. Alimkuta Placide kwenye foleni ya dispansari akimwiga muuguzi nyuma ya mgongo wake. Padri akacheka mpaka akavua miwani. Kesho yake Placide alikuwa mbele ya mashine.

Alicheza sinema saba kwa miaka mitano, na katika zote jina lake lilikuwa Zoba, yaani mjinga. Zoba alikunywa dawa ya wiki nzima kwa siku moja. Zoba aliiba mbuzi. Zoba alilewa kasiksi akatumbukia matopeni, na mwishoni kila mara alitokea mtu mwenye shati jeupe kumwonyesha njia njema. Sinema zenyewe hazikuwa na sauti. Jacques, karani wa misioni, alisimama kando ya shuka nyeupe iliyoonyeshewa picha, na bati lake la kusemea, akawaeleza watu wanachokiona.

Placide aliipenda ile kazi, tusimwonee. Alijifunza kutokuangalia jicho la mashine. Alijifunza kurudia kitu kimoja mara nne bila kuchoka wala kununa, na kwamba nyusi ikipanda kidogo inasema kuliko mkono mzima. Alipofika mjini Bukavu, ambako sinema zake zilionyeshwa pia, batoto walimkimbilia njiani wakiita, "Zoba! Zoba!" Akawapungia mkono. Alidhani huo ndio ukubwa.

Halafu akampenda Adolphine, binti wa Muzee Henri Abwe, mchonga mitumbwi. Adolphine naye alikubali. Kwa desturi, mjomba wa Placide alichukua jembe jipya la kuulizia, akalipeleka kwa muzee. Jembe likipokelewa, maneno ya ndoa yameanza. Muzee Henri hakuligusa. Mjomba akarudi nalo begani, mchana, katikati ya soko, na Baraka nzima ikaliona.

Placide akaenda mwenyewe, jambo ambalo halifanywi. Alimkuta muzee anachonga.

"Muzee, kosa langu nini?"

"Mi nilikwenda Bukavu kutibiwa macho," muzee akasema bila kuinua kichwa. "Baliponiponyesha, kitu cha kwanza niliona ni we, kwenye shuka."

"Ile iko mchezo tu, muzee."

"Mi najua iko mchezo. Unaniona mutoto? Lakini nilikaa katikati ya bantu mia mbili, na koti yangu ya Pasaka, na ile karani anasema kwenye bati, 'Muone Mubembe wa ziwani!' Bote bakacheka, na jirani yangu, anajua mi niko Mubembe, akanigeukia. Ni we ulianguka, lakini mi ndiyo niliumia." Akapuliza vumbi la mti. "Sitoi binti yangu kwa Zoba."

Yale maneno yalimwingia Placide yakakataa kutoka. Akaenda misioni, akamwambia padri anataka sinema moja tu ambamo yeye ana akili. Kama haiwezekani, basi yeye ndiye aseme kwenye bati.

Padri akamshika bega kwa upole. "Placide, kusema ni kazi ya Jacques. Wewe Mungu alikupa miguu."

Jumapili, baada ya misa, sinema ya mbuzi ikaonyeshwa katika ukumbi wa shule, madirisha yamezibwa kwa mikeka. Joto lilikuwa kali, moteri inanguruma nje. Muzee Henri alikuja, amekaa karibu na mlango kama mtu atakayetoka wakati wowote.

Shuka ikawaka. Zoba akatokea, anavuta kamba.

"Mumuone Zoba!" Jacques akapaza kwenye bati. "Anaiba mbuzi ya kapita!"

"Uongo!" Placide alikuwa amesimama juu ya benchi. "Ile mbuzi iko yangu! Kapita, ule musimamizi wa pamba, aliichukua kwa sababu pamba yangu haikujaa kikapu. Narudisha mali yangu."

Watu wakageuka, wengine wakacheka. Jacques akasema, "We kaa chini!" lakini alikuwa amechelewa. Jacques alilazimika kuangalia kwanza ndipo aseme. Placide hakuhitaji kuangalia. Kila hatua ilikuwa mwilini mwake.

"Sasa nitageuka kushoto, nimesikia kiatu cha polisi," akasema, na kwenye shuka yule mtu akageuka kushoto. "Sasa nafunga mbuzi mdomo, asilie." Akafunga. Watu wakasogeza vichwa mbele. "Hapa nitaanguka. Musicheke. Toka alfajiri nimebeba mizigo ya serikali toka Fizi, na tumboni hakuna hata tonge ya bukari."

Kwenye shuka Zoba akaanguka matopeni, kofia mbele. Hakuna aliyecheka. Mama mmoja akasema pole, kwa sauti ya kawaida, kama anamwambia mtu aliye mbele yake.

Padri akazima mashine. Mikeka ikatolewa madirishani, mwanga ukaingia.

"Placide, toka nje!"

"Nitatoka, mon père. Nikimaliza."

Akasogea mbele ya shuka tupu akaendelea bila picha. Akawa kapita, akawa mbuzi. Akawa Jacques anayetafuta maneno ndani ya bati, na Jacques mwenyewe akageukia ukuta asionekane anacheka. Mwisho akawa padri anayejaza ufunguo, ufunguo umekwisha na yeye bado anazungusha. Benchi mbili zilianguka kwa vicheko.

Jumatatu polisi wakamchukua hadi Fizi. Alilima barabara siku saba kwa kosa la kuleta fujo. Aliporudi, viganja vimechubuka, alimkuta Muzee Henri amekaa mahali pake pa kushonea nyavu. Baba wa binti kumfuata kijana, jambo hilo pia halifanywi.

"Ule alianguka bila kuchekwa," muzee akauliza, "alikuwa nani?"

"Ni mi, muzee. Ni ule ule wa Bukavu."

Muzee akainuka, akampisha mahali pake. "Mwambie mujomba wako arudi. Apite tena katikati ya soko, bamuone."

Walifunga ndoa mavuno yalipokwisha. Hata mwezi haujaisha, Jacques akaja ufukweni na ujumbe: padri anaanza sinema kubwa, safari hii kwa rangi, na nafasi ya Placide iko palepale. Sharti ni moja, aombe msamaha katika ukumbi uleule, mbele ya watu walewale.

Adolphine alikuwa anageuza ndakala juani. Akamtazama mumewe. "Utaomba?"

"Kwa kosa gani? Kwa kuwa na mbuzi?" Placide akamgeukia Jacques. "Zile sinema saba ni zake, atie kufuli. Sura hii iko yangu. Jumamosi nacheza kule Kazimia, halafu kijiji cha Swima, halafu Makobola. Bananingojea."

"Bila mashine?" Jacques akashangaa. "Bila hata bati? Bantu ba nyuma batasikia namna gani?"

"Basogee mbele," Placide akasema.