Rage wa Redio Aionea Wivu Kompyuta

GARISSA, Oktoba 1999 – Saa moja kasoro robo asubuhi, Rage Alio ameshavaa visikizio na shati limeshalowa jasho. Chumba cha redio hakina dirisha. Upande wa pili wa ukuta pangaboi jipya linavuma, na linampepea nani? Kompyuta.

"Mimi miaka kumi na mbili naomba bangaboi," asema. "Ile mashine imekaa miezi mitatu tu, imebata."

Rage, 49, ni opereta wa redio katika shirika la misaada linalopeleka maji kwa malori. Kwa shilingi 6,200 kwa mwezi huzungumza na vituo vinane, kutoka Masalani hadi Takaba. Takaba, hata hivyo, amenyang'anywa. Tangu Julai huandikiwa barua pepe, na mwandishi ni Hinda Salah, binti wa miaka 23 aliyesomea kompyuta Nairobi.

Hinda humwita adeer, kama amwitavyo ami yake. Rage huitika shingo upande. Mkubwa wa ofisi amesema barua pepe zikifaulu hadi Desemba, chumba cha redio kitafungwa.

"Wifu ninao. Nifiche ya nini?"

Mwezi uliopita Hinda aliuliza kwa barua pepe hali ya kisima cha Takaba. Opereta wa huko, Noordin, alijibu neno moja: "Nabad." Yaani amani. Takaba ikafutwa kwenye safari ya malori.

Lakini huku, hata aliyetoka kuzika hujibu kwanza nabad. Ubaya husemwa baadaye, ukishaulizia watoto, mifugo na mvua. Noordin alijibu kama alivyozoea, akangoja aulizwe tena.

"Ningesikia sauti yake ningejua," Hinda akiri. "Kwenye karatasi nilisoma nabad, nikaenda mbio."

Kesho yake asubuhi Noordin, amechoka kungoja, aliita kwa redio. Rage alimsalimu, akamuulizia nyumba nzima. Mara ya tatu ikatoka: injini ya kisima ilikuwa imekufa siku nne.

Rage hakuinuka.

"Nilikaa nayo mbaka saa saba mchana. Nilitaka kosa yake ikue, mkubwa aione. Walahi, nilifurahi."

Lori liliondoka jioni. Lilipofika, mbuzi kumi na tisa wa mjane aitwaye Habibo walikuwa wameshakufa.

"Hinda hakujua. Mimi nilijua," asema, akitazama meza.

Alikwenda mwenyewe kwa mkubwa kukiri. Alipewa barua ya onyo, na aliyeichapa ni Hinda. Aliikunja vizuri, akamletea.

Sasa majibu yote ya Takaba huthibitishwa kwa redio, lakini Desemba iko palepale. Anatumaini nini?

"Kila sala namuombea Hinda abate kazi Nairobi," asema Rage. "Kazi kubwa. Mshahara mkubwa. Hata bwana mzuri, Mungu ambe. Lakini aende."