Chumvi ya Mtaliano

Baba yangu alilima kwa Kijerumani. Nasema kweli. Vita ya kwanza Wajerumani walimkamata kubeba mizigo, akarudi na maneno manne matano ya amri, na kwa kuwa hakuwa na askari wa kuwaamuru, akawaamuru ng'ombe. "Halt!" wanasimama. Jirani mmoja wa Ruanda, kijiji cha pili, alimwazima dume letu, akamrudisha jioni ile ile: "Mzee, mnyama wako hasikii Kinyiha."

Basi nilikua nikidhani Wazungu wote wana lugha moja, ile ya ng'ombe wetu. Hata Waingereza, nilidhani wanasema hiyo hiyo ila kwa pua. Aliyenitoa ujinga ni Mtaliano mmoja, fundi wa mawe, mfungwa wa vita ya pili. Alipoachiwa hakurudi kwao, jamaa zake walikuwa wamekufa. Akaletwa kujenga daraja mtoni kwetu, njia ya Tunduma. Baba alikuwa hayupo tena duniani. Mimi, kijana niliyeoa juzi juzi, nilimkorogea chokaa, na chakula alikula kwetu.

Mtu yule alipenda maneno kama wengine wanavyopenda ugoro. Siku moja ameinua tonge, akaniuliza, "Hii iliyomo humu mnaiitaje?"

"Chumvi."

"Sisi sale. Mfaransa sel. Mjerumani Salz, Mwingereza salt. Unaona? Ni ndugu wote, neno la wazee wetu wa kale."

Akasema saladi maana yake ni majani yaliyotiwa chumvi, na soseji imetoka humo humo. Eti hata mshahara Waingereza wanauita salari kwa sababu ya chumvi ya askari wa zamani.

Nikamwambia, "Fundi, sasa unatudanganya. Askari gani atapigana kwa chumvi?"

Mama akacheka akiwa jikoni. "Mwache mwenzio. Wewe hukuibeba kichwani kutoka Ivuna inakochemshwa. Mimi ningepigana."

Nikamwambia Wabemba wa ng'ambo ya mpaka wanaiita umucele, akafurahi kama amepewa mbuzi. Akasema neno linabadilika, lakini kote alikopita, anayekutilia chumvi chakulani amekukubali.

Daraja lilipokaribia kwisha alimwendea mama, kofia mkononi. "Mama, nipe mahali pa kujenga. Nataka kukaa hapa mpaka nife."

Mama akamwambia, "Mwanangu, ardhi hii ni ya kaka yangu, naye yuko Ivuna. Ngoja nikamuulize." Akaondoka kesho yake. Mjomba alikubali bila maneno mengi, hilo tulilijua mama aliporudi.

Huku nyuma mke wangu akaingia katika siku zake. Wakati ule, kwetu, mwanamke akiwa hivyo hashiki chumvi. Akiitia, walaji watapata kikohozi cha kifua. Chumvi hutiwa na bibi wa nyumba au mtoto mdogo. Mama hayupo, na mtoto tulikuwa bado hatujapata. Kibuyu cha chumvi kimening'inia jikoni, mwanamume haingii humo. Sisi tulizoea: chakula kikija bila chumvi unakula, unanyamaza. Huulizi, na kumwambia mwanamume mwenzio habari za mkeo ni aibu isiyosemeka.

Mtaliano akaonja. "Chumvi imekwisha?"

"Ipo."

"Ipo?"

"Ipo, fundi. Kula."

Kesho yake vile vile. Akamtazama mke wangu, mke wangu akainama chini, maana angefanya nini? Nadhani hapo ndipo alipoona anafichwa jambo.

Siku iliyofuata alikula maharage yote, akafuta sahani kwa tonge la mwisho. "Mama yako amekataa," akasema.

"Mama hajarudi."

"Lakini nyumba imekwisha kunijibu. Haya, si neno."

Nikasema, "Siyo hivyo, fundi." Akangoja niendelee. Mke wangu alikuwa pale mlangoni na sufuria, ananitazama. Maneno yote aliyonifundisha yule mtu, ya Wafaransa na ya Wajerumani, na hata moja halikufaa. Nikasema tena, "Siyo hivyo."

Akanawa mikono, akamshukuru mke wangu kwa adabu kabisa. Akachukua mfuko wake wenye mwiko na timazi. Nilidhani anakwenda kutazama kama chokaa imekauka. Alilivuka daraja bila kulitazama, akashika njia ya Tunduma, na hakurudi.