Karatasi za Wafu

Sifa ni zake Mungu aliyeumba mto na msitu kabla hajatuumba sisi tunaoichafua. Namshukuru kwa pumzi hii, na kwa macho ambayo bado yanaiona kalamu. Sasa niseme nililolifanya.

Nilikuwa mtunza karatasi katika ofisi moja ya viwanja hapa Kisangani. Mkubwa wetu alirudi kutoka semina Kinshasa na maneno mapya: ofisi isiharibu tena mazingira. Akabandika tangazo mlangoni. Vikombe vya plastiki marufuku. Karatasi mpya marufuku. Tuandike nyuma ya zile za zamani. Jenereta ya kiyoyozi chake iliendelea kunguruma kutwa, ikinitemea moshi dirishani, na tangazo halikuitaja.

Hata hivyo nilifurahi. Tangu madrasani, kule Maniema, nilifundishwa kwamba israfu ni dhambi. Nikawaambia wenzangu, "Bon, leo mukubwa amesema neno la dini."

"Papa, tuanzie kabati gani?" aliuliza karani wetu, mama mmoja mcheshi.

"Ya wafu," nikasema. "Wao hawatakuja tena kupanga mustari."

Akacheka, nami nikacheka. Ndivyo tulivyofanya. Kila dosie, yaani faili, ambayo mwenye kiwanja ameandikwa marehemu tuliitoa, tukazikata karatasi zake nusu kwa nusu kwa rula, tukazifunga kwa uzi ziwe vijitabu vya kuandikia. Wiki nzima. Mkubwa akaleta wageni wapige picha lile rundo, na mimi nimesimama kando yake, nimenyoosha kofia.

Miezi michache baadaye akaja mjane wa mvuvi, kutoka upande wa maporomoko. Shemeji yake alitaka kumtoa katika nyumba. Karatasi yake ya kiwanja ilikuwa imeoza kwa maji ya mvua, akahitaji ile ya kwetu, yenye jina lake chini ya jina la mume.

"Papa, jina yangu iko mule. Niliweka kidole mimi mwenyewe, hapa, mbele yako."

Alisema kweli. Niliikumbuka siku ile, hata wino uliomchafua kitenge.

Nilitafuta siku tatu katika mafungu. Nusu ya juu, yenye jina la marehemu, niliipata. Nyuma yake karani ameandika orodha ya maua ya kupanda uani. Nusu ya chini, yenye jina la mjane na alama ya kidole, sikuipata kamwe.

"Alors, papa, tufanye nini?" mkubwa aliniambia. "Ni bahati mbaya. Tulifuata mpango."

Nilikwenda mahakamani mwenyewe, nikaeleza yote. Walinisikiliza kwa heshima, wakanipa kiti. Kisha wakauliza karatasi iko wapi. Shemeji akashinda.

Siku ya kuhama nilimkuta mjane akifunga godoro nyuma ya pikipiki, aende kwa dada yake kule Bengamisa.

"Nimekukosea, mama," nikamwambia.

Hakugeuka. "Ulinikosea, papa. Shika hii kamba."

Nikaishika. Akakaza fundo, akapanda, dereva akaiwasha, wakaondoka.

Nilistaafu mwaka huohuo. Naambiwa tangazo bado lipo mlangoni.

Wewe uliyesoma hadi hapa, Mungu akupe nyumba isiyotegemea mkono kama wangu, na haki ya utakaowaacha nyuma aitunze nzima, bila kukatwa. Amina.