Mwaka Mvua Ilipokuwa Chini ya Wastani

Julai iliyopita nilitoka Embu mjini kwenda kumwona mama. Kutoka Runyenjes nilipanda boda boda nikiwa nimevaa sweta nzito, na koti nimelikunja mapajani, maana Julai niliyolelewa nayo ilihitaji vyote viwili. Nilipofika nyumbani nilikuwa nimelowa jasho. Jua liliwaka kama la Februari.

"Kwani ulidhani bado kuna baridi?" mama aliniuliza huku akigeuza mahindi aliyoyaanika uani.

Jioni redio ilisema joto la mwezi huo lilikuwa juu ya wastani wa miaka mingi. Mama hakuinua hata kichwa. Lakini mimi neno hilo, wastani, lilinirudisha mbali.

Kama hukukulia huku kwetu, rafiki yangu, ni vigumu kukueleza Julai ilivyokuwa. Jua hatukuliona. Ukungu ulishuka kutoka mlimani ukalala juu ya majani chai hadi adhuhuri, kisha manyunyu yakaanza, yale yasiyopiga kelele kwenye mabati ila yanalowesha kila kitu. Sare za shule zilikaushwa juu ya moto, kwa hiyo darasa zima lilinuka moshi na hakuna aliyemcheka mwenzake. Tulichuma chai kabla ya kwenda shule, na vidole vikifa ganzi nyanya alitufukulia viazi vitamu majivuni. Tulivishika kwanza, tukavila baadaye. Tuliichukia baridi ile kwa moyo wote.

Mwalimu wetu wa jiografia alikuwa na kipima mvua nyuma ya madarasa. Kila mwezi ukiisha alichora ubaoni mistari miwili, mmoja wa mvua ya mwezi huo, mwingine wa wastani. Siku moja alituuliza wastani ni nini. Mmoja wetu akasema ni mvua ya kawaida.

"Hiyo ya kawaida hamtaiona," mwalimu alicheka. "Mwaka huu itazidi, mwaka ujao itapungua. Wastani ni miaka yote ikiwa imekaa pamoja."

Halafu ukaja mwaka ambao mstari wa Oktoba ulikuwa mfupi, na wa Novemba ukawa mfupi zaidi. Mwalimu alisema mvua iko chini ya wastani, na safari hii hakucheka. Sisi tuliandika tu. Kwetu huku juu mahindi yalidumaa, lakini ndizi na viazi vilikuwepo. Sikujua kulikuwa na nini kule chini, Mbeere, alikoolewa shangazi yangu, hadi Jumamosi moja alipoingia langoni na watoto wake na mbuzi wawili waliokonda. Kitindamimba alikuwa mgongoni. Hakuwa akilia, na nadhani hilo ndilo lililomtisha nyanya.

"Mama, nimekuja," shangazi alisema. "Kule hakuna kitu."

"Sijakuuliza," nyanya akamjibu. "Ingia."

Githeri yetu ya mahindi na maharagwe, ya sufuria ile ile, sasa ililiwa na watu karibu maradufu ya awali. Ilianza kuwa majimaji, kisha ikawa haipo kila siku. Mwishowe ndizi na viazi navyo viliisha, na ghala likabaki na vumbi na panya. Kilichosalia kilikuwa mbegu za njahi, yale maharagwe yetu meusi, zilizojaa kibuyu juu ya uchaga wa jikoni, ambako moshi uliwafukuza wadudu. Hakuna mtoto aliyeruhusiwa kukigusa kibuyu kile.

Mchana mmoja nyanya alipanda kigoda, akakishusha kibuyu. Baba alikuwa amesimama mlangoni.

"Mama, hizo ni mbegu."

"Najua ni mbegu. Nilizichagua mimi."

"Na mvua ya Machi ikija tutapanda nini?"

"Machi iko mbali. Huyu mtoto yuko hapa."

Akazimimina zote chunguni. Baba alitoka nje, akakaa nyuma ya nyumba hadi zikaiva. Harufu ya njahi ilijaa boma, na kwa mara ya kwanza hatukuifurahia. Shangazi alikula huku machozi yakimdondoka. Mtoto alinyweshwa mchuzi kwa kijiko, siku hiyo na siku zilizofuata, hadi asubuhi moja akaangua kilio cha kudai chakula. Nyanya aliacha kufagia, akasikiliza. "Sasa analia vizuri," akasema.

Machi mvua ilikuja, tena juu ya wastani. Barabara zilikatika. Shamba letu lilikuwa limelimwa vizuri na halina kitu ndani. Ndipo Jumapili moja baada ya kanisa akaja jirani wa ng'ambo ya barabara, ambaye tulikuwa tumegombana naye kwa ajili ya mpaka hadi tukaacha kusalimiana. Alikuwa amejifunika gunia kwa sababu ya mvua, na chini ya gunia alikuwa na mfuko wa mbegu.

"Nasikia mlikula mbegu."

"Tulikula," nyanya alisema.

"Basi pandeni hizi." Akauweka mfuko kizingitini, akaenda zake.

Tulipanda kwa kuchelewa, lakini tulivuna. Shangazi alirudi kwake na watoto wote, amebeba kikapu cha njahi mpya.

Nyanya tulimzika zamani. Jiko lake lilibomolewa, na siku hizi mbegu tunanunua dukani zikiwa na rangi ya dawa. Ile theluji ya mlimani imebaki mabaka tu. Lakini si vitu hivyo ninavyovililia zaidi. Zamani mvua ikikataa kule chini, huku juu palikuwa na ukungu, na ndizi, na mlango wa kubisha. Mwaka mbaya haukutupata sote kwa pamoja.

Oktoba hii shangazi, ambaye sasa ni mzee, alinipigia simu.

"Huko juu mmepata mvua?"

"Bado, shangazi. Hata tone."

"Na nyinyi mkikosa," akasema, "sisi tutakuja kwa nani?"